Harusi Isiyoonekana: Jibu kwa Mwandishi wa Mchezo wa Redio

Swali: Shikamoo, mwalimu. Ninaandika mchezo wa redio wa kuchekesha, vipindi sita vya nusu saa, kuhusu familia inayomwozesha binti. Nimesikiliza rekodi za mchezo wa Kimarekani wa The Great Gildersleeve, hasa zile za 1950 ambapo Marjorie anaolewa. Nimeona kwamba uchumba na maandalizi vinakokotwa wiki hadi wiki, halafu harusi yenyewe inachukua jioni moja tu. Mimi nimefanya kinyume. Harusi nimeiweka kipindi cha tatu, na vipindi vilivyobaki vimenikauka. Msimamizi wangu anasema harusi haifai redioni kwa sababu haionekani. Wale waliwezaje?

Jibu: Marahaba. Msimamizi wako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo uishike vizuri. Shela haina sauti. Maua hayana sauti. Keki ya ghorofa tatu, ikiwa redioni, ni sawa na meza tupu. Siku ya harusi ni siku ya macho, na redio haina macho ya kumkopesha mtu. Sasa itazame wiki ya kabla yake: mlango unagongwa, simu inalia, mtu anasoma orodha kwa sauti na mwingine anampinga kutoka jikoni. Yote hayo ni maneno na vishindo. Waandishi wa michezo ya redio ya Marekani waliligundua hilo mapema, ndiyo maana katika mchezo mmoja baada ya mwingine watu wanapanga, wanagombana na kupatana, na kanisani tunaingia dakika za mwisho.

Lakini hiyo ni sababu ya ufundi tu, haitoshi kumfanya mtu arudi kwenye redio yake wiki ijayo. Ukisikiliza tena zile rekodi, acha kufuatilia mipango, mfuatilie Gildersleeve, mjomba anayemlea Marjorie. Kila jambo linalobishaniwa katika nyumba ile lina jambo jingine chini yake ambalo hakuna anayelitamka, nalo ni kwamba mzee huyu anaachwa. Harusi inampa vitu vya kugombania ili asilazimike kusema anaumia. Mchezo wako umekauka kwa sababu watu wako wanagombana juu ya harusi, na harusi ikiisha hawana tena la kugombania. Watu wa Gildersleeve waligombana juu ya kuagana, na huko hakuishi kwa siku moja.

Nieleze kidogo kwa wasomaji ambao hawajausikia. Throckmorton P. Gildersleeve alianza kama jirani mgomvi katika mchezo mwingine, Fibber McGee and Molly. Watu wakampenda kiasi kwamba tarehe 31 Agosti 1941 akapewa mchezo wake mwenyewe kwenye mtandao wa redio wa NBC, mdhamini akiwa kampuni ya Kraft. Katika kipindi cha kwanza anapanda treni kwenda mji wa kubuni uitwao Summerfield kusimamia mali ya marehemu shemeji yake na kuwalea mayatima wawili walioachwa: Marjorie Forrester na mdogo wake Leroy. Kiswahili kinatuweka karibu sana na kiini cha mchezo huu, maana tuna neno lake hasa. Huyu ni mjomba, na hawa ni wapwa zake. Ni ndugu wa mama yao, amebeba mzigo wa dada yake. Hana mke wala mtoto wa kuzaa. Ni mwanamume mnene mwenye majivuno, baadaye mkuu wa maji wa mji, mwepesi wa kufura na mwepesi wa kuyeyuka.

Sasa piga hesabu. Marjorie anafunga ndoa na Walter Thompson, yule kijana mcheza futiboli ya Kimarekani anayeitwa Bronco, katika kipindi cha Jumatano ya tarehe 10 Mei 1950. Wasikilizaji wamekuwa na binti huyo kwa karibu miaka tisa. Sauti yake imebadilishwa mara mbili, kutoka Lurene Tuttle kwenda Louise Erickson na kisha Mary Lee Robb, na bado ni Marjorie yule yule kwa sababu nyumba ni ile ile na mjomba anamwita vile vile. Amekua masikioni mwao. Anapochumbiwa, msikilizaji naye anaachwa kidogo.

Wewe huna miaka tisa. Una dakika thelathini za kwanza. Kwa hiyo kipindi chako cha kwanza kisianze na posa. Kianze na mazoea ya nyumba, tena mazoea yenye sauti. Tuseme kila jioni binti anateremka ngazi mbio, na ngazi ya tatu kutoka chini inalia, na mzee bila kuinua macho anasema, “Nitaitengeneza kesho.” Isikike mara tatu katika kipindi cha kwanza, mara moja moja katika vinavyofuata. Hutahitaji kumwambia mtu yeyote kwamba binti anapendwa. Katika nyumba ya Gildersleeve kazi hiyo ilifanywa na Leroy, mtoto asiyejua kufunga mlango bila kuubamiza. Mlango ukibamizwa, msikilizaji amekwisha kuingia sebuleni.

Nikiwa kwa Leroy, nikupe jambo ambalo wengi hawalijui na litakusaidia kuchagua waigizaji. Sauti ya mtoto yule ilikuwa ya Walter Tetley, mtu mzima aliyezaliwa 1915. Siku dada yake anaolewa redioni, “mtoto” huyo anakaribia kutimiza miaka 35. Bronco aliigizwa na Richard Crenna, na Gildersleeve na Harold Peary, mwenye sauti nzito inayopanda na kushuka na kicheko cha kipekee kinachojikunja koo zima. Mjomba mzito, mtoto mkwaruzo, binti laini, kijana mwenye haraka. Hakuna sauti inayofanana na nyingine. Katika mchezo wangu wa kwanza wa harusi niliweka wanawake saba jikoni, wote wa rika moja, wote wakisema kwa furaha. Fundi mitambo aliniomba nifumbe macho nisikilize mazoezi, na ndani ya dakika moja sikuweza kumtambua mama wa bibi harusi. Tangu hapo siweki zaidi ya watu wanne katika tukio moja, na kila mmoja lazima atambulike kwa neno “ndiyo” peke yake.

Umeuliza waliwezaje kukokota maandalizi bila kuchosha. Jibu linaanza na watu waliomzunguka mjomba, maana kila mmoja alimpinga kwa namna yake. Hakimu Hooker ni rafiki na mshindani, mzee wa mahakama ambaye tangu mwanzo alikuwa akiuchunga ulezi wa Gildersleeve, hivyo mbele yake mjomba daima yuko kama kwenye mtihani. Peavey, mwenye duka la dawa, ni wa aina nyingine kabisa. Mjomba anatoka nyumbani akiwaka, anaingia dukani, anatoa hotuba ndefu, na Peavey kwa sauti kavu isiyo na haraka anajibu maneno yake yale yale ya siku zote, kwa Kiswahili tuseme: “Aa, hilo mimi nisingelisema.” Puto limetobolewa. Ukiangalia kiufundi, duka la Peavey ni mapumziko ya masikio. Nyumbani ni kelele na watu wengi, dukani ni watu wawili na sauti ya chini. Mchezo wako una nyumba tu. Mpe mzee wako mahali pa kwenda kulalamika, na huko amkute mtu mmoja asiyeshtuka.

Na kuna Birdie Lee Coggins, mpishi wa nyumba, aliyeigizwa na Lillian Randolph. Hapa niseme ninachoamini. Redio ya Marekani ya zama zile iliwapa waigizaji weusi nafasi finyu, za watumishi hasa, na Birdie yumo ndani ya mipaka hiyo. Lakini Randolph alimpa mwanamke huyu akili, kicheko na mamlaka ya jikoni hata mara nyingi yeye ndiye mtu mzima wa kweli katika nyumba ile. Mtu kama huyo ni muhimu sana katika mchezo wa harusi, kwa sababu anajua kila kitu na si mzazi. Anaweza kumwambia mjomba ukweli ambao binti hawezi. Ukiandika mhusika wa namna hiyo leo, mpe pia maisha yake nje ya jiko, maana wao hawakumpa ya kutosha.

Fedha nitazipitia haraka. Kwa desturi ya Marekani ya miaka ile, gharama kubwa za harusi zilikuwa za upande wa bibi harusi. Kwa hiyo kila bei inayotajwa inampima mjomba mbele ya wakwe na mbele ya mji. Usiandike ugomvi wa bei, andika ugomvi wa heshima wenye bei ndani yake.

Orodha ya wageni ndiyo mgodi wenyewe, na hapa nataka tukae. Nimekuandikia tukio fupi, langu mwenyewe, si la mchezo wowote, uone jinsi jambo moja linavyoweza kukaa chini ya jingine:

(Karatasi inageuzwa. Penseli inagongagonga meza.)

MJOMBA: Wangapi?

BINTI: Mia moja na arobaini.

MJOMBA: Si haba. Wakwe watajua wamekuja kwa watu.

BINTI: Hao ni wa upande wao, mjomba.

MJOMBA: (Penseli inasimama.) Na wetu?

BINTI: Kumi na mmoja.

MJOMBA: Kumi na mmoja! Watasema nilikuokota njiani! Andika. Daktari wa meno.

BINTI: Si mmekosana?

MJOMBA: Tumekosana sana. Andika, na mkewe, na yule shemeji yake anayekula.

BINTI: Mjomba.

MJOMBA: Mama yako angekuwapo, kanisa lingejaa. Alikuwa akienda sokoni anarudi na marafiki, vitunguu amesahau.

(Kimya. Saa ya ukutani.)

BINTI: Mwandike.

MJOMBA: Nani?

BINTI: Mama. Mwachie kiti.

(Penseli inaandika, polepole.)

MJOMBA: Kumi na wawili.

(Mlango unabamizwa.)

MTOTO: Keki itakuwa ya nini?

Soma kwa sauti, mgawane na mwenzako. Kichekesho kiko kwenye hesabu: mzee anajisifu kwa mia moja na arobaini ambao si wake. Machozi nayo yako kwenye hesabu ile ile. Hakuna aliyesema amehuzunika, mtu ameongeza moja juu ya kumi na mmoja, basi. Penseli inafanya kazi ya uso: ikigongagonga, mzee ana wasiwasi, ikisimama, ameumia, ikiandika, amekubali. Na kile kimya nimekiwekea saa ya ukutani kwa sababu redioni kimya kitupu kikizidi kidogo, msikilizaji anadhani matangazo yamekatika na mkono unaenda kwenye kitufe. Mtoto anaingia mwishoni ili mtu apate kupumua. Usimwache msikilizaji ndani ya huzuni hadi aanze kuona umemtega.

Mchezo wa Gildersleeve uliigizwa mbele ya hadhira, na unasikia waigizaji wakisubiri kicheko kishuke kabla ya neno linalofuata. Kama wewe huna hadhira studioni, usisubiri. Weka tendo dogo baada ya kila mzaha, kiti kuvutwa au kijiko kuwekwa, msikilizaji acheke juu ya tendo hilo asipoteze neno.

Sasa siku yenyewe. Redio ina zawadi mbili tu kanisani, nazo zatosha. Ya kwanza ni kinanda. Wamarekani kwa vizazi wameingia harusini kwa muziki wa Wagner na kutoka kwa muziki wa Mendelssohn. Sauti chache za kwanza za ule wa kuingilia, na kila masikio nchini yamekwisha kujua tuko wapi, nani anatembea, na nani ameshikwa mkono. Huhitaji mtangazaji wa kueleza. Tafuta muziki ambao kwa wasikilizaji wako unafanya kazi hiyo kwa pumzi moja.

Ya pili ni swali. Katika ibada nyingi za Kiprotestanti za wakati ule kasisi huuliza ni nani anayemtoa mwanamke huyu aolewe. Anayejibu ni baba au mlezi, na jibu lake ni maneno mawili matatu. Fikiri mwandishi amepewa nini hapo. Mtu aliyezungumza bila kukoma tangu posa anabakiwa na maneno mawili, na anajua kwamba akishayasema, amemtoa. Ukiyapanga maandalizi yako yote yaelekee kwenye jibu hilo fupi, hutahitaji kueleza shela.

Kwa Gildersleeve kulikuwa na uzito mwingine. Msikilizaji wa muda mrefu alikumbuka kwamba mjomba huyu mwenyewe alikuwa amekaribia kumwoa mjane Leila Ransom, na mwishoni mwa msimu, Juni 1943, harusi ile ikavunjika wakiwa wamekwisha kufika madhabahuni. Miaka saba baadaye anasimama kanisani kwa ajili ya mtu mwingine. Mwandishi hakuhitaji kulitaja hilo. Kumbukumbu ya msikilizaji ilikuwa inamfanyia kazi.

Kuhusu neno la msimamizi wako kwamba haionekani, mpelekee hili. Harusi ya Marjorie ilivuta watu kiasi kwamba jarida la Look, katika toleo lake la tarehe 23 Mei 1950, liliitengea kurasa tano. Kurasa tano kwa ndoa ya watu wasiokuwapo duniani! Mimi naliona hivi: kwa wiki nyingi kila msikilizaji alikuwa ameishona shela hiyo kichwani mwake, akaipamba, akaipunguza mikono. Jarida lilipokuja, lilikuta watu wanaotaka kulinganisha na yao. Wakati huo televisheni ilikuwa katika takriban asilimia 9 tu ya nyumba za Marekani, lakini ilikuwa inakuja kwa kasi, na redio ilikuwa bado na nguvu ya kumfanya mtu aone kwa masikio. Tena harusi zilikuwa zimeigusa karibu kila familia nchini humo. Mwaka 1946 peke yake, askari waliporudi vitani, zilifungwa ndoa zaidi ya milioni 2.2. Waliokuwa wakisikiliza walizijua zile orodha za wageni.

Tufike kwenye vipindi vyako vilivyokauka. Waandishi wa Gildersleeve hawakuifunga nyumba baada ya harusi. Bronco na Marjorie wakaishi chini ya dari la mjomba, wakapata mapacha, Ronnie na Linda, na baada ya miaka michache wakahamia nyumba ya jirani, ng’ambo ya ua tu. Mwandishi asiye mwangalifu angewapeleka mbali. Wao walijua kwamba kuagana kukikamilika mchezo umekufa, kwa hiyo wakamwacha mjomba aendelee kuagana kila siku, asubuhi moja bafu limechukuliwa na mkwe, asubuhi nyingine mtoto mchanga analia. Tena nyumba hiyo ilistahimili pigo ambalo lingeua mchezo mwingine. Mwaka ule ule wa 1950 Harold Peary aliondoka, na msimu wa vuli ukaanza na Willard Waterman katika nafasi ya mjomba. Sauti zao zilikaribiana sana, lakini Waterman alikiheshimu kile kicheko kama mali ya mwenzake, hakukiiga. Mchezo uliendelea miaka mingine kadhaa.

Kwa hiyo ningekushauri hivi. Harusi iondoe kipindi cha tatu, ipeleke dakika saba za mwisho za kipindi cha tano. Cha pili kiwe cha wakwe kuja, na usiwafanye wabaya. Wakwe wema wanamuumiza mzee zaidi, maana hana wa kumlaumu. Cha tatu kiwe orodha, kipindi kizima, chumba kimoja. Katika cha nne mzee atoke nyumbani aende kwa Peavey wako, na huko ndipo aseme jambo moja la kweli kwa mtu asiyehusika, binti asilisikie kamwe. Hapo utakuwa umempa msikilizaji siri, na akiwa na siri atarudi.

Cha sita ndicho kitakachokushinda usipokiandika kwanza. Ni asubuhi ya baadaye. Kanisa halitajwi. Mzee yuko mezani, mpishi anaosha vyombo, mtoto anakula keki iliyobaki. Hakuna wa kuteremka ngazi. Halafu, katikati ya maneno ya kawaida juu ya mkate, mzee anainuka, na tunasikia sanduku la vifaa likifunguliwa. Anaitengeneza ngazi ya tatu. Nyundo, msumari, nyundo. Mpishi anauliza, “Leo ndiyo kesho?” Naye hajibu. Anakanyaga kuijaribu, nayo hailii tena, anakanyaga mara ya pili, haileti sauti, kisha tunasikia msumari uking’olewa.

Andika hicho wiki hii, kurasa kumi na mbili tu, na mwigizaji wako wa mzee asikione hadi mmemaliza kurekodi cha tano.